Ulimi na Maji Meusi

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini walimwita Ulimi, mtaani hivyo hivyo, na hata watoto wake wakiudhika walinong'onezana, "Ulimi huyo karudi." Mgeni akilisikia jina hilo angedhani ni la mtu wa kupayuka, mtu asiyefunga mdomo. Wapi! Huyu alikuwa na maneno machache kuliko mlango. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akilamba mawe.

Alikuwa mtunzaji wa ghala la mawe katika kituo cha utafiti wa mafuta na gesi. Huko mbali wanakochimba visima, mashine hushuka chini kilomita mbili, tatu, ikaukata mwamba na kuupandisha ukiwa mzima, mrefu na wa duara kama mchi wa kutwangia. Ndiyo maana kituoni waliyaita mawe hayo michi. Kila mchi uliletwa na lori ndani ya kasha la mbao, umeandikwa kwa wino mzito kwamba umetoka kisima fulani, mita kadhaa chini ya ardhi. Ulimi aliupokea, akaufuta vumbi, akaugonga kwa ukucha, halafu akautia ulimi. Jiwe lenye vitundu vingi linanata, linayavuta mate kama sponji. Lisilo na vitundu linateleza. Lenye udongo lina ladha ya ukuta uliolowa. Na lile lililokaa kwenye maji ya chumvi huko chini, hata likauke miaka ishirini, chumvi yake inabaki ndani. Ulimi aliijua kwa madaraja matatu: ya kuonja, ya kutosha na ya kuuma.

Akishamaliza alifungua daftari la ghala. Lilikuwa na safu nne: namba ya mchi, kina chake, nani anauchukua, na ya mwisho, maoni ya mtunzaji. Hapo aliandika neno moja tu. "Kavu." "Udongo." "Mafuta." "Chumvi." Miaka kumi na tisa hakuwahi kuiacha nafasi hiyo tupu. Shule aliikatiza njiani, lakini neno lile moja aliliandika kwa mwandiko wa kupendeza, mkia wa herufi ya mwisho ameuvuta kidogo kwa maringo.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na wote walimwita Injinia. Kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi yake alipitia ghalani, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha buluu kilichokuwa karibu na mlango, akauliza, "Ulimi, leo linasema nini?"

"Udongo, Injinia."

"Udongo mwingi?"

"Wa kutafuna."

Injinia alicheka, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaondoka. Dakika tano hazikufika. Lakini Ulimi alizioga, alizivalia shati safi, na siku Injinia akisafiri alikuwa mzito siku nzima kama aliyelala vibaya.

Injinia huyo alikuwa amemwahidi jambo moja. "Kisima kijacho, Ulimi, nakwenda na wewe. Umelamba matumbo ya visima thelathini na hujasimama kwenye mdomo wa hata kimoja. Ni aibu yetu." Ulimi alikwenda nalo nyumbani, akamwambia mkewe, akawaambia majirani, akamwambia mlinzi wa getini, ambaye ukimwambia kitu umekitangaza.

Sasa, mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume. Kijana huyu alimaliza chuo, alisomea kemia, akakosa kazi, akaja kulala kwenye kochi lao miezi minane. Alikuwa na adabu, aliosha vyombo bila kuambiwa, aliwafundisha watoto hesabu. Ulimi mwenyewe, kwa miguu yake, ndiye aliyekwenda kumwombea. Alisimama mbele ya meza ya Injinia akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema pale: "Ni shemeji yangu. Mtulivu. Kemia ameisoma mpaka mwisho. Hata kufagia atafagia." Kijana akachukuliwa. Siku ya kwanza Ulimi alimshika mkono akamwingiza getini, na kwa mlinzi akasema kwa fahari, "Huyu wangu."

Hilo ndilo lililokuja kumchoma zaidi. Mgeni akikupita unasema basi, dunia. Lakini mtu uliyemfungulia mlango mwenyewe!

Shemeji hakupewa ufagio. Alipewa chupa. Ndani ya chupa kulikuwa na maji meusi kama oili iliyokwisha kutumika, na ndani ya maji hayo chembe za chuma ndogo mno, ndogo hata unywele mmoja ukiupasua mara elfu moja chembe bado ingepata nafasi ya kukaa kwenye kipande kimoja. Shemeji aliweka sumaku chini ya sahani ya kioo, maji yale yakasimama, yakaota miiba kama nungunungu. Akaiondoa, yakalala. Akairudisha, yakasimama. Injinia alipiga makofi kama mtoto, na kuanzia siku ile kijana akaitwa Sumaku.

Kesho yake Injinia alipita mlango wa ghala bila kuingia. Ulimi alikuwa amesimama na mchi mkononi, shati limepigwa pasi. Alidhani amesahau, angerudi. Alirudi kweli, saa nne, akachungulia.

"Ulimi, hiki kiti hukitumii sana, sivyo? Sumaku hana pa kukaa."

"Chukua tu, Injinia."

Kiti cha buluu kikavushwa uwanja. Ulimi alikitazama kikiingia mlango wa maabara, miguu juu. Ghala na maabara vilitazamana, dirisha kwa mlango, na tangu hapo kazi yake ya pili ikawa kulitazama lile dirisha. Aliona kikombe cha Injinia, kile cheupe chenye ufa, kimehamia kwenye meza ya maji meusi. Aliona miwani ikivaliwa na kuvuliwa. Akisikia kicheko alihesabu: kwangu alicheka mara moja kwa siku, pale mara nne kabla ya saa sita. Donge likamkaa kooni, akawa analimeza na halishuki.

Mlinzi naye hakumwacha. "Mzee Ulimi, naona kiti kimehama."

"Kiti ni kiti."

"Na makalio yake?"

"Linda geti lako."

"Nalilinda! Wewe ndiye uliyeniambia nimruhusu aingie. 'Huyu wangu, huyu wangu.' Haya, mwangalie wako."

Nyumbani hakukuwa na afadhali. Mkewe alimgeuza mdogo wake kuwa taarifa ya habari. Jioni chakula kikiwa mezani alisema, "Hebu mweleze shemeji yako ile ya kuona chini ya ardhi." Naye Sumaku, bila ubaya wowote, alieleza. Maji meusi yanasukumwa ndani ya mwamba. Chembe zinapita kwenye vitundu pamoja na maji. Juu, nje, unazungusha nyaya zenye umeme, nyaya zinazisikia chembe zilipo, na kompyuta inachora picha: hapa maji yamepita, hapa yamegoma, hapa mafuta yamebaki. "Kama wanavyomwangalia mtoto tumboni kwa mashine, Dada. Hatukisii tena. Tunaona."

"Hawakisii tena," dada alirudia akimtazama mumewe. "Wanaona."

Ulimi alitafuna. Kwa hiyo miaka kumi na tisa alikuwa anakisia.

"Hayana adui, maji yako hayo?" aliuliza.

"Anaye mmoja. Chumvi ikizidi. Kila chembe imevikwa koti jembamba ili zisishikane, lakini chumvi kali inalivua hilo koti. Zikishikana yanakuwa madonge, vitundu vinaziba, basi tena. Haya niliyonayo ni ya chumvi kidogo."

Ulimi alilisikia hilo, akaliweka.

Jumatatu Injinia aliwaita wote wawili uwanjani, gari dogo la kazi limeegeshwa kati yao. Alisema wazi, hakuwa mtu wa kuzungusha. "Wiki hii tunakwenda kisimani. Dereva, mimi, vifaa, na nafasi moja. Jumatano Sumaku anajaribu maji yake kwenye mchi halisi. Picha ikitoka, nafasi ni yake, anakwenda kuyasukuma kisimani. Isipotoka, nakwenda na Ulimi kupokea mawe kama nilivyomwahidi. Sawa?"

"Sawa," alisema Sumaku.

Ulimi alitikisa kichwa. Nafasi moja! Ahadi yake imekuwa ya akiba, ya kutegemea mwingine aanguke.

Nusu saa baadaye Sumaku alikuja ghalani na karatasi. Alitaka mchi wa kisima cha saba, mita elfu mbili mia nane na arobaini. Ulimi hakuhitaji kutazama lebo. Ulikuwepo mmoja tu wa kina kile uliopanda mzima bila ufa, rangi ya asali iliyokolea, na alikuwa akiufuta kila mwezi bila kuagizwa na mtu. Aliuteremsha kwa mikono miwili. Kwa mazoea tu, hata bila kufikiri, aliutia ulimi.

Ukamuuma. Chumvi ya daraja la tatu, ile inayokunja uso.

Sumaku alitabasamu. "Shemeji, bado unalamba? Karatasi ninayo hapa. Maji ya kisima cha saba yamepimwa zamani, chumvi kidogo tu."

Ulimi aliichungulia ile karatasi. Kina kilichoandikwa pembeni kilikuwa cha tabaka la juu, mita mia mbili kabla ya hapo. Mchi wa tabaka lile nao alikuwa ameulamba miaka hiyo, chumvi ya kuonja. Kisima kimoja, matabaka mawili, maji mawili. Kijana alisoma jina la kisima, hakusoma mita.

"Utauosha kwanza?" Ulimi aliuliza.

"Siuoshi. Dawa ya kuoshea itauvuruga udongo wa ndani. Nausukumia hivi hivi ulivyo."

Ulimi alifungua daftari. Namba akaandika. Kina akaandika. Jina la shemeji akaandika. Akafika safu ya nne. Kalamu ilisimama. Dirishani mwa maabara alikiona kiti cha buluu, koti la Injinia limetundikwa mgongoni mwake. Neno lilikuwa moja, herufi sita, amewahi kuliandika mara mia. Akapiga kistari.

"Ahsante, Shemeji," alisema Sumaku, akaukumbatia mchi kama mtoto mchanga, akavuka uwanja.

Jioni ile mezani dhamiri ilimchokonoa. Dhamiri ya mtu mwenye kijicho ni ya ajabu, inataka aseme na inataka asisikike. Sumaku alikuwa anaeleza jinsi Jumatano picha itakavyotoka safi, rangi ya buluu huku, nyekundu kule, na Injinia amekwisha kusema wataionyesha kwa wakubwa. Ulimi alisubiri kijana avute pumzi, akasema huku akitazama sahani:

"Hapo pana chumvi. Kali."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Ah! Mdogo wangu hatii chumvi! Anachokisema ndicho walichomwambia."

"Mimi nimesema pana chumvi."

"Tumekusikia. Kila mtu akisema jema lake wewe unaona ametia chumvi. Ungekuwa wewe unakwenda kisimani, tungelala?"

Sumaku alicheka, akamgusa mkono. "Kweli Shemeji, labda nimetia kidogo. Wakubwa hawajathibitisha."

Hapo ndipo angeweza kusema: sizungumzii maneno yako, nazungumzia jiwe. Maneno manne, matano. Alichota mchuzi. Moyoni akajiambia, nimesema, sasa mimi simo. Na usiku huo alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko yote.

Jumatano maabara ilijaa. Mchi ulikuwa ndani ya bomba la chuma, nyaya zimezungushwa nje kama bandeji, pampu inanguruma upande mmoja. Ulimi alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Sumaku alifungua koki. Kwenye kompyuta alama nyekundu ilitokea upande wa pampu, ikaingia kidogo, upana wa kidole. Injinia alisogeza kiti cha buluu karibu.

"Inaingia," alisema.

"Inaingia, Injinia."

Ikasimama pale pale. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mshale wa presha ukaanza kupanda, na alama nyekundu haikusogea, ilikolea tu, ikawa kama jipu. Sumaku aliongeza nguvu ya pampu. Ulimi alijikuta mikono yake imekunja ngumi, si kwa furaha. Alikuwa akiuwaza ule mchi. Aliufuta miaka yote ile, na sasa unasukumwa hivyo.

"Punguza," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyemsikia. Ndani ya bomba kitu kikalia, tak! kama yai linalogongwa kwenye ukingo wa kikombe. Mshale ukaanguka.

Walipoutoa, mchi ulikuwa vipande viwili. Kwenye uso ulioelekea pampu palikuwa na tope jeusi zito, limegandamana, na vidole viwili ndani jiwe lilikuwa na rangi yake ya asali vile vile, hakuna kilichopita. Sumaku aliliparura lile tope kwa ukucha akawa analitazama tu.

Injinia alivua miwani, ikabaki inaning'inia. "Basi," alisema. Hakumfokea mtu. Alipogeuka kutoka alimwona Ulimi mlangoni. "Jiandae wewe. Ijumaa."

Lile neno alilingoja miaka. Alirudi ghalani nalo, akakaa juu ya kasha kwa sababu kiti hakikuwepo, akangoja furaha ije. Ilikuja, usidhani haikuja. Aliwaza jinsi mlinzi atakavyofungua geti, jinsi yeye atakavyokaa nyuma ya dereva, dirisha liko wazi. Lakini kila alipofika hapo jicho lilikwenda rafuni, kwenye kasha la kisima cha saba, na kasha lilikuwa tupu.

Nyumbani Sumaku hakula. Alisema kakosea mahali, hajui wapi, kapima kila kitu mara mbili, labda koti la chembe alilipika vibaya, labda kazi hii si yake na atafute nyingine. Dada yake alimbembeleza huku akimtupia mumewe macho. "Furahi basi," alimwambia jikoni. "Si ulitaka?"

"Nilitaka kwenda. Sikutaka hivi."

"Kuna tofauti?"

Alhamisi asubuhi Sumaku alivuka uwanja akaingia ghalani. Macho mekundu. Mkononi alishika nusu ya mchi, ile ambayo maji hayakuifikia. Alikaa sakafuni, mgongo umeegemea rafu.

"Shemeji, nimekaa nalo tangu jana. Mashine zote zinanipa namba, sielewi. Hebu lilambe uniambie linasema nini."

Ulimi alibaki na kitambaa mkononi. Swali lile! Ndilo lililovushwa uwanja pamoja na kiti, na sasa linarudi, tena kwa mdomo wa huyu. Alilipokea jiwe. Hakulilamba.

"Chumvi," alisema. "Ya kuuma."

"Hujalilamba."

"Nililamba Jumatatu. Mbele yako."

Sumaku alimtazama, kisha akatazama karatasi iliyokunjwa mfukoni mwake, akaikunjua, akasoma, mara hii mpaka pembeni, mpaka kwenye mita. Midomo yake ilisogea ikihesabu. "Tabaka la juu," alisema. "Nimechukua vipimo vya maji ya tabaka la juu." Halafu polepole: "Na wewe ulijua."

"Nilisema mezani."

"Ulisema natia chumvi!"

"Nilisema pana chumvi. Mkasikia mlivyosikia."

"Shemeji." Kijana alisimama. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. "Ulijua tutasikia hivyo."

Jibu lilikuwa ndiyo, na Ulimi alilijua. Alikitia kitambaa mfukoni, akalichukua daftari la ghala kwapani, akavuka uwanja.

Injinia alikuwa akifunga vifaa. Ulimi aliweka daftari mezani, akalifungua, akaweka kidole kwenye kistari. Alieleza. Ilimchukua muda, hakuzoea, na mara mbili alirudi mwanzo. Injinia alifunua kurasa za nyuma, moja, nyingine, nyingine, maneno ya Ulimi yamepangana yakivuta mikia yake, akarudi kwenye kistari.

"Kwa nini?"

"Kiti," alisema Ulimi, na alipolisikia neno lenyewe hewani akatamani kulirudisha. Mtu mzima mwenye mvi! "Ulikichukua kiti."

Injinia alilifunga daftari. Labda alitaka kucheka, labda kinyume chake. "Kosa la Sumaku la kutosoma mita nitazungumza naye," alisema mwishowe. "Lakini wewe, sikupeleki. Kule kisimani mtu akijua kitu akanyamaza, watu wanakufa. Si mchi unaopasuka, ni watu."

"Naelewa."

"Tunaahirisha wiki moja, Sumaku avike chembe zake koti nene la kustahimili chumvi. Kisha atakwenda yeye. Kifaa cha kupima chumvi ya maji tunacho, lakini jiwe likipanda nataka kujua saa ile ile lina nini ndani." Aliufunga uzi wa kasha la vifaa, akaukaza. "Mfundishe kulamba."

Mkewe alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi ambalo mdogo wake alilalia miezi minane. "Sikujua unaweza," alisema. Baadaye, akikunja nguo, akaongeza, "Donge lako ndilo lililoziba lile jiwe. Usiseme ni chumvi."

Basi wiki ile Ulimi alimfundisha. Heri angeambiwa akate kidole! Ghalani walikaa juu ya makasha mawili, mchi katikati.

"Usilambe kama askirimu. Ncha, halafu ubavu wa ulimi. Uache."

"Hivi?"

"Toa mate kwanza. Unaliogesha."

"Lina ladha ya jiwe, Shemeji."

"Yote ni mawe. Linanata au linateleza?"

"Linanata."

"Haya, vitundu vingi. Sasa funga macho."

Kijana alikuwa mwepesi kupita kiasi. Siku ya pili alitofautisha udongo na chokaa. Siku ya tatu Ulimi alimpangia michi mitano akiwa amefunga macho, akapata minne, na ule wa tano alikosea kidogo tu. Yeye Ulimi, mwaka wake wa kwanza, alikuwa akikosea nusu. Wivu uliokuwa umeinamisha kichwa ukainuka tena, mzima, umenenepa. Akamfundisha kila kitu isipokuwa kimoja. Cha kwanza kabisa, kile ambacho yeye alikifuata hata siku ya ugonjwa: kabla ya kulamba, mdomo usiwe umeguswa na kitu chochote zaidi ya maji. Kwa kuwa masomo yao yalikuwa mapema, kabla ya chai, kijana hakuwa na njia ya kulijua hilo, na Ulimi hakulisema. Alijiambia amesahau. Alikuwa akikumbuka kwamba amesahau.

Ijumaa ya pili gari liliondoka. Sumaku alikaa nyuma ya dereva, dirisha liko wazi. Alipunga mkono. Mlinzi alifunga geti, akamtazama Ulimi, akarudi kwenye kibanda chake.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ililia ghalani.

"Shemeji, nimekwama." Nyuma ya sauti ya Sumaku kulikuwa na mngurumo mkubwa. "Wamepandisha michi sita. Yote ina ladha moja. Tamu tamu hivi. Injinia anasubiri nimwambie tusukume kwenye tabaka lipi."

Ulimi alikaa juu ya kasha. Aliyaona yote: kijana amesimama mbele ya watu, ulimi nje, hajui. Injinia anavua miwani. Gari linarudi.

"Umekunywa chai?" aliuliza.

"Vikombe viwili. Huku baridi kali."

"Ya sukari?"

"Ya sukari."

"Suuza mdomo kwa maji matupu mara tatu. Ukae nusu saa, usile kitu, usitafune kitu. Ndipo ulambe."

"Hukuniambia hilo."

"Sikukuambia."

"Umesahau?"

"Sikusahau."

Alisikia kijana akivuta pumzi, akamsikia Injinia kwa mbali akiuliza Ulimi anasemaje, na Sumaku akamjibu, "Anasema tusubiri nusu saa." Hakuongeza neno. Kisha sauti ikarudi karibu. "Haya Shemeji, nitakupigia."

"Usikate," alisema Ulimi.

"Salio..."

"Nitakupigia mimi."

Akapiga. Sumaku akapokea. Ulimi aliibana simu sikioni mpaka ikamuuma, akafunga mlango wa ghala kwa mguu ili asikie vizuri. Minyororo ilikuwa ikigongana. Mtu alipaza sauti akiita mwenzake, akajibiwa kutoka juu, juu sana. Kitu kizito kilishuka kikazunguka, kikazunguka. Injinia alicheka kwa jambo fulani, na kile kicheko kilimchoma Ulimi pale pale pa siku zote, hata kidogo hakikupungua.

"Si una nusu saa?" alisema. "Niambie unachokiona."

"Naona mnara, Shemeji, mrefu, watu wamevaa..."

"Polepole. Anza chini."